Kizuia kuganda

Kizuia kuganda ni kemikali inayochanganywa na maji ya rejeta ya gari ili yasigande kwenye baridi. Inayotumika zaidi ni ethilini glaikoli. Molekuli zake huzuia zile za maji kujipanga kuwa barafu. Maji matupu huganda kwenye 0 °C, mchanganyiko wa nusu kwa nusu karibu −37 °C, lakini glaikoli tupu karibu −13 °C.

Maji yakiganda hutanuka takriban 9% na yanaweza kupasua injini. Kwenye miinuko ya Mbeya na Iringa, Tanzania, sakitu hutokea wakati wa kipupwe. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu 94 °C. Glaikoli hupandisha kiwango hicho pia.

Ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, hivyo ni hatari kwa watoto na mifugo.