Utambuzi si Ufichuzi

Katika riwaya za fantasia, mwovu aliyejisitiri kwa jina au sura isiyo yake hufika mahali akajulikana na wahusika wenzake. Wagiriki waliliita tukio la aina hii anagnorisi, na Aristotle, katika karne ya 4 KK, alilieleza kuwa ni kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, hali inayozaa mapenzi au uadui baina ya wahusika. Kwa Kiswahili, neno linalokimbilia ulimini ni ufichuzi. Nashikilia kwamba istilahi inayostahili ni utambuzi, na kwamba anayechanganya maneno haya hupotewa na kiini cha tukio lenyewe.

Fichua ni kinyume cha ficha, kama fumbua ilivyo kinyume cha fumba. Kwa hiyo ufichuzi hudai mtendaji: pana aliyeficha na pana anayefichua. Kutambua hakumhitaji mtu huyo wa pili. Hutokea akilini mwa anayejua. Mfano ulio wazi kabisa ni wa J. R. R. Tolkien katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977. Mwovu Sauron anawaendea wahunzi wa Elfu (elves) wa nchi ya Eregion kwa jina la Annatar, mgeni mkarimu mwenye elimu nyingi, anawafundisha kufua pete za nguvu, kisha anajifulia kwa siri Pete Moja ya kuzitawala zote. Anapoivaa tu, wahunzi wale wanamjua, na papo hapo wanazivua pete zao. Hakuna mpelelezi, hakuna barua iliyonaswa, hakuna aliyesema neno. Mwalimu amegeuka adui ndani ya pumzi moja, na vita vinafuata. Ukiliita hilo ufichuzi, utalazimika kumtafuta mfichuaji asiyekuwapo, na uadui ambao Aristotle aliuweka ndani ya ufafanuzi wake utakuponyoka.

Riwaya ya nne ya Harry Potter (2000) inaonyesha mambo yote mawili, moja baada ya jingine. Mwovu Barty Crouch mdogo amefundisha shuleni kwa Harry karibu mwaka mzima akiwa na sura ya mchawi Moody. Anapomwondoa Harry mbele ya macho ya Dumbledore, mkuu wa shule, mzee huyo anajua kwamba huyu si Moody, kwa kuwa Moody wa kweli asingefanya hivyo. Huo ni utambuzi. Baadaye dawa ya kugeuza sura inaisha nguvu, na dawa ya ukweli inamlazimisha kuungama. Hapo ndipo penye ufichuzi.

Atakayepinga atasema utambuzi tayari una kazi nyingi, tangu kwa polisi hadi kwa wanasaikolojia. Ni kweli, lakini mandhari na dhamira nayo ni maneno ya kila siku, wala hayamkanganyi msomaji wa uhakiki. Hoja nzito zaidi ni kwamba msomaji naye hupata habari wakati huohuo, basi neno moja latosha. Ngano zetu zinaikataa. Katika hadithi ya msichana aliyewakataa wachumba wote akaolewa na zimwi, mara nyingi wasikilizaji wanamjua bwana harusi ni nani tangu mwanzo. Kwao hakuna kilichofichuliwa. Anayetambua ni bibi harusi, na hofu yake ndiyo hadithi.

Wafasiri na walimu wa fasihi, basi, waandike utambuzi pale mhusika anapojua, na ufichuzi wauache kwa yule anayeitoa siri nje.