Mpaka Ndani ya Kasha la Nahodha

Mpaka wa nchi kavu huonekana. Serikali hupanda mawe, hufyeka msitu, huweka askari na kibanda chake. Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana bara ya Afrika Mashariki, walianzia mlangoni mwa mto Umba, wakaupeleka mstari wao hadi ziwa Jipe, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro, kisha wakaufikisha ziwa Viktoria, pale nyuzi 1 ya kusini inapokutana na ufuko wa mashariki. Seyyid Barghash akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mstari ulichorwa Ulaya, na hadi leo sehemu kubwa ya mpaka wa Kenya na Tanzania inaufuata.

Baharini kazi hiyo haikuwezekana. Jiwe halipandwi majini, na pepo hazisomi mikataba. Jahazi lililoondoka Sur, bandari ya Omani, kwa pepo za kaskazi, likapita Rasi Hafuni na Baraawa, likashusha tende Lamu na chumvi Unguja, kisha likarudi kwa kusi limesheheni boriti, halikuvuka kitu chochote ambacho mabaharia wake wangekiita mpaka. Madola yaliyotaka kuitawala bahari hii yalilazimika basi kuupakia mpaka ndani ya chombo chenyewe. Ukapandishwa mlingotini kwa sura ya bendera, ukatiwa katika kasha la nahodha kwa sura ya karatasi.

Si kwamba watu wa mwambao hawakujua ushuru wala ruhusa. Forodha ya Unguja ilikuwa na desturi zake. Sultani aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, nao wakitoza asilimia 5 ya thamani ya bidhaa zilizoingia. Lakini forodha iliuliza juu ya mali. Haikushughulika sana na kumuuliza baharia yeye ni raia wa nani, na swali hilo lenyewe lisingekuwa na jibu jepesi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, akakata hukumu: Unguja kwa Majid, Maskati kwa Thuwaini, na Unguja ilipe riale 40,000 kila mwaka. Dola likawa mawili, bendera ikabaki moja. Huku nyekundu tupu, na kule nyekundu tupu. Mtu wa Sur aliyekuwa na nyumba kwao na shamba la mikarafuu Pemba alikuwa wa upande gani? Waliolazimika kulijibu swali hili walikuwa wageni, kwa kuwa wao ndio walioliuliza.

Waliliuliza kwa sababu ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Tangu hapo manowari ziliwinda majahazi. Lilipoonekana tanga, mashua ilishushwa, nahodha akaamriwa atue foromali, na chombo kikapekuliwa. Jahazi lenye bendera nyekundu halikuwa na hoja ya kuzuia upekuzi, kwani Sultani mwenyewe alikwisha kuukubali. Ila palikuwa na rangi tatu ambazo Mwingereza hakuthubutu kuzigusa ovyo: buluu, nyeupe na nyekundu.

Ufaransa tangu miaka ya 1840 ilikataa meli zake zipekuliwe na dola jingine. Kwa Paris hilo lilikuwa jambo la heshima, japo ni haki kuongeza kwamba mashamba ya miwa ya Réunion nayo yalikuwa yakitafuta vibarua pwani hii hii. Mabalozi wake, na wakuu wa makoloni yake kama Mayotte na Nossi-Bé, wakawa wakitoa hati kwa manahodha. Mtu wa Sur mwenye kipande cha ardhi au jamaa katika visiwa hivyo aliweza kuipata bendera, na aliyeipata alisafiri bila kusimamishwa.

Hapa ndipo historia hii inapokataa kuwa nyepesi. Ingependeza kumsifu nahodha aliyewazidi ujanja wenye mizinga, na wengi wa wenye bendera hiyo walikuwa wafanyabiashara wa tende na papa mkavu waliochoshwa na kupekuliwa. Lakini wengine walibeba watu. Tarehe 3 Disemba 1881, Kapteni Brownrigg, mkuu wa HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga daima katika bandari ya Unguja, aliliendea kwa mashua ndogo ya moshi jahazi moja karibu na Pemba. Bendera ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo aliliendea ili kutazama karatasi tu. Alipigwa risasi akafa, pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Ndani ya jahazi mlikuwamo watumwa. Kwa watu waliolala chini ya sitaha ile, bendera haikuwa ujanja wala heshima ya taifa. Ilikuwa kifuniko.

Jawabu la madola lilitoka Brussels, katika Mkataba wa tarehe 2 Julai 1890. Humo mna mengi, lakini kwa mwambao lililo kubwa ni hili: karatasi zilipewa umbo. Jahazi lililopewa bendera ya dola lilitakiwa kuwa na hati ya bendera, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria. Upekuzi uliruhusiwa kwa vyombo vya chini ya tani 500, yaani majahazi yetu yote, na meli kubwa za Ulaya zikasalimika. Mtu mweusi hakuweza kuandikwa ubaharia kabla ya kuhojiwa kama amekubali kwa hiari yake. Nia ya sharti hilo haina aibu. Lakini lilimaanisha pia kwamba baharia Mswahili, mwana wa baharia na mjukuu wa baharia, alisimama mbele ya karani kuthibitisha kwamba hakuibiwa, jambo ambalo nahodha wake Mmanga hakuulizwa.

Ufaransa iliuridhia Mkataba tarehe 2 Januari 1892, ikiviacha nje vifungu vya upekuzi. Mchezo ukaendelea, na kitovu chake kikahamia Maskati. Sultani Faisal bin Turki alijikuta na raia ambao, wakiwa katika bandari yake mwenyewe, walidai kuwa hawamo katika hukumu yake. Mwaka 1903 watu wa Sur wenye karatasi za Kifaransa walivunja karantini Maskati. Walipokamatwa, Ufaransa ikadai waachiwe. Mwaka uliofuata London na Paris zikakubaliana kulipeleka shauri The Hague.

Waamuzi walikuwa watatu: Lammasch wa Austria, Fuller aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na Savornin Lohman wa Uholanzi. Wadai walikuwa Uingereza na Ufaransa. Sultani ambaye mamlaka yake ndiyo yaliyobishaniwa hakuwa upande katika kesi, wala hakuna nahodha wa Sur aliyekuwa na nafasi yake katika shauri hilo.

Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Kabla ya tarehe 2 Januari 1892, walisema waamuzi, Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera yake raia wa Sultani kwa sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo haikuruhusiwa tena, ila kwa wale waliothibitika kuwa chini ya hifadhi yake tangu kabla ya mwaka 1863. Waliokwisha kuipata kihalali wataendelea nayo, lakini wao wenyewe hawatatoka katika hukumu ya Sultani.

Sharti lililoimaliza bendera hiyo lilikuwa dogo kuliko yote haya. Ruhusa, ilisema hukumu, ni ya mtu yule na chombo kile. Haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine hata likiwa la mwenyewe yule yule. Wakati huo mwenye hati mpya kabisa ya kabla ya 1892 alikuwa amekwisha kuishika miaka 13, na mbao za jahazi huoza. Mzee alipofariki, wanawe waligawana chombo, tanga, nanga na madeni kwa mafungu ya sheria. Ile hati iliyokuwa ndani ya kasha haikuwamo katika mirathi.