Mhusika Ajifunzavyo: Nusu Karne ya Kanuni za Ujuzi katika Michezo ya Mezani

Mwaka 1974 kampuni changa ya TSR, ya mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ilichapa nakala 1,000 za mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Boksi lake lilikuwa na vijitabu vitatu. Hapakuwa na ubao, na mwishoni hakuna aliyetangazwa mshindi. Kila mchezaji alichukua mhusika mmoja, awe mpiganaji, mchawi au kasisi, akasema kwa mdomo anachotaka kufanya. Mwongoza mchezo akamweleza kilichotokea, na penye shaka dadu zikaamua. Wengi wanaoandika juu ya mchezo huo huvutiwa na mazimwi yake. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi ulilouachia ulimwengu ni kwamba mhusika hakubaki alivyo. Aliyenusurika safari ya leo alirudi wiki ijayo akiwa anaweza zaidi, na mchezaji akaandika mabadiliko hayo kwa penseli kwenye karatasi yake.

Chimbuko la mchezo huo ni michezo ya vita ya sanamu ndogo. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za Chainmail, ambamo sanamu moja ya shujaa ilikuwa na nguvu ya askari wanne, na shujaa mkuu nguvu ya askari wanane. Dave Arneson, wa eneo la Minneapolis na Saint Paul, alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor, ambamo wachezaji waliendelea na wahusika walewale kutoka kikao hadi kikao, na walionusurika wakazidi kuimarika. Gygax na Arneson walipounganisha kazi zao, hesabu ya Chainmail ikageuka kuwa ngazi ya kupanda: mpiganaji wa daraja la 4 alipewa jina la Shujaa, na wa daraja la 8 Shujaa Mkuu. Mtu hakukabidhiwa ushujaa mwanzoni mwa mchezo. Ilimbidi aufikie.

Aufikie kwa njia gani? Hapo ndipo historia hii inapoanza kunoga. Katika kanuni za 1974, mpiganaji alihitaji pointi 2,000 za uzoefu kufika daraja la 2, na mchawi 2,500. Pointi zilitoka kwa viumbe waliouawa na kwa mali iliyotwaliwa, sarafu moja ya dhahabu ikihesabiwa pointi moja. Mfano uliochapwa kitabuni unaonyesha uzito wa kila upande: kuua jitu la daraja la 7 kulileta pointi 700, lakini sanduku lake lenye sarafu 7,000 lilileta pointi 7,000. Wachezaji walielewa haraka. Busara ilikuwa kumzunguka jitu, kumhadaa, kumsubiri alale, kisha kuondoka na sanduku. Wanaodai kwamba mchezo huo wa awali ulihimiza kuua tu hawajausoma vizuri.

Lakini dhahabu inamfundishaje mtu kutumia upanga? Gygax alilijua swali hilo. Katika kitabu cha waongozaji cha 1979 aliwaambia wanaolalamika kwamba mchezo hauna budi kukubali mapatano fulani, na papo hapo akaweka sharti la mafunzo: kabla ya kupanda daraja, mhusika alipe sarafu 1,500 kwa kila daraja alilonalo, kwa kila wiki ya kufundishwa. Dhahabu ikawa karo.

Mpiganaji wa 1974 alipopanda, alipanda mzima mzima, bila orodha ya mambo anayoyajua. Aliyebadilisha hilo ni mwizi. Wazo la mhusika huyu lilitoka kwa wachezaji wa duka la Aero Hobbies huko Santa Monica, California, likamfikia Gygax kwa simu, na mwaka 1975 likachapwa katika nyongeza iitwayo Greyhawk. Mwizi alikuwa na jedwali lake: kufungua kufuli, kutegua mitego, kunyata, kujificha kivulini, kila kazi na asilimia yake iliyoongezeka kwa kila daraja. Kwa mara ya kwanza katika mchezo huo ungeweza kuona kwa namba mtu anajua nini, na kiasi gani.

Traveller, mchezo wa anga za mbali wa Marc Miller uliotoka 1977, ulikwenda upande mwingine kabisa. Humo mhusika huanza akiwa na miaka 18, akaingia jeshini au kwenye biashara ya meli za anga, na kila miaka minne ya utumishi humwongezea ujuzi. Kila kipindi kina dadu yake ya kunusurika, na katika kanuni za mwanzo aliyeikosa alikufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Akifika miaka 34, uzee huanza kudai haki yake. Mchezo wenyewe ukianza, hajifunzi haraka tena. Ni mtu mzima mwenye maisha nyuma yake, na mchezo unamheshimu hivyo.

Kwa maoni yangu, mapinduzi yenyewe ni ya mwaka 1978, pale kampuni ya Chaosium ya California ilipotoa RuneQuest. Mbunifu wake mkuu, Steve Perrin, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya Society for Creative Anachronism iliyozaliwa Berkeley mwaka 1966, ambayo wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa silaha za henzirani. Alijua jinsi mkono unavyojifunza. Katika mchezo wake hakuna daraja wala kazi iliyofungwa. Kila ujuzi unasimama peke yake kwa asilimia.

Tumchukue mhusika mwenye asilimia 25 ya mkuki. Ili kumpiga adui lazima dadu zitoe 25 au chini yake. Akifanikiwa vitani, mchezaji huweka tiki pembeni mwa neno mkuki. Safari ikiisha na watu wakipumzika, dadu hutupwa tena, na mara hii kanuni inageuka: lazima namba izidi 25. Tukiacha nyongeza ndogo ya akili, ana nafasi 75 katika 100 za kupanda hadi asilimia 30. Aliyefika 80 ana nafasi 20 tu. Kanuni moja fupi inabeba jambo ambalo kila mwanagenzi wa useremala hulionja kwa randa yake: mwanzoni kila wiki unaona tofauti, na ukishabobea, hatua ndogo inakutoa jasho la mwezi. Na kwa kanuni hii asiyetumia mkuki hajifunzi mkuki.

Udhaifu nao ulijitokeza mezani. Kwa kuwa tiki moja ilitosha, wachezaji walianza kubadilisha silaha katikati ya pigano, mkuki, kisha shoka, kisha upanga, ili kukusanya tiki nyingi. Hata hivyo kanuni ilidumu. Sandy Petersen aliichukua mwaka 1981 katika Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha, akaiongezea jambo zito: kadiri mhusika anavyoyafahamu mambo ya siri ya ulimwengu ule, ndivyo kikomo cha akili yake timamu kinavyoshuka, 99 kutoa asilimia ya maarifa hayo. Sijui kanuni nyingine iliyosema waziwazi hivyo kwamba kujua kuna gharama.

Champions ya 1981 na GURPS ya Steve Jackson ya 1986 zilimpa mchezaji pointi za kununulia uwezo autakao. Uhuru mwingi, hadithi kidogo. Ars Magica ya 1987 inanivutia zaidi: mchawi hutumia msimu mzima akisoma kitabu kimoja, au akimfundisha mwanafunzi, au akiandika ili wengine wasome. Dungeons & Dragons yenyewe, ikiwa sasa mikononi mwa kampuni ya Wizards of the Coast, ilifuata njia ya pointi mwaka 2000 kwa kumpa kila mhusika pointi za ujuzi za kugawa, kisha mwaka 2014 ikarahisisha: nyongeza moja ya umahiri, kuanzia +2 katika daraja la 1 hadi +6 ifikapo daraja la 17. Na Dungeon World ya 2012 humpa mhusika pointi ya uzoefu pale anaposhindwa. Aliyeteleza ndiye aliyejifunza.

Vijana wetu wengi wamekutana na kanuni hizi bila kuzijua asili yake. Aliyecheza mchezo wa video wa Skyrim wa 2011 na kuona ustadi wa upinde unapanda kwa sababu ametumia upinde, ameonja wazo ambalo Perrin aliliweka mezani miaka 33 kabla.

Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la 2014 la Dungeons & Dragons ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Matini ya Dungeon World nayo iko chini ya leseni ya aina hiyo. Yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadilisha na hata kuziuza, mradi awataje waliozitunga. Wafasiri na walimu wa Kiswahili, tusingoje mwaliko mwingine. Mwenye nia aanze na jedwali la kupanda madaraja. Lina mistari 20 tu.