Busia, kiwanda cha hesabu za msaada

Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la ICS lilikuwa likigawa vifaa katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Kimojawapo kilikuwa bango kitita, yale makaratasi makubwa yaliyofungwa pamoja ambayo mwalimu huyafunua moja baada ya jingine mbele ya darasa. Yalikuwa na michoro ya sayansi, hisabati na afya, na pamoja nayo shule ilipata ramani ya Afrika Mashariki. Ripoti ya kazi ya aina hiyo ilikuwa rahisi: idadi ya shule, idadi ya mabango, na picha ya mwalimu mkuu akipokea mzigo.

Safari hii mambo yalikwenda vingine. Michael Kremer, mchumi wa Kimarekani aliyewahi kufundisha sekondari huko Kakamega, alilishawishi shirika ligawe kwa bahati nasibu. Shule 178 ziliorodheshwa, nusu zikapata mabango na nusu zikakosa. Mitihani iliposahihishwa, hapakuwa na tofauti yoyote ya maana kati ya waliopata na waliokosa.

Kilichouma zaidi ni hesabu ya pili. Watafiti walifuata pia njia ya zamani, wakalinganisha shule zilizokuwa na mabango yao tangu awali na zile zisizokuwa nayo. Kwa njia hiyo mabango yalionekana kuleta mafanikio makubwa. Sababu si ngumu kuiona. Shule yenye mabango mara nyingi ndiyo yenye mwalimu mkuu anayehangaika na wazazi wanaochanga, na watoto wake wangefanya vizuri hata bila mabango. Najiuliza ni wafadhili wangapi waliowahi kupongezwa kwa jasho la mwalimu mkuu wa namna hiyo.

Vitabu vya kiada navyo havikupona. Vilipogawiwa kwa mpango kama huo kuanzia 1996, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasa. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu.

Kabla ya hapo, chombo kikuu cha kupimia msaada kilikuwa jedwali. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa likilalamika kwamba miradi yake haina malengo yanayoeleweka. Wajerumani wakalichukua na kulipa sura yao miaka ya 1980, na baadaye karibu kila mfadhili akalidai. Aliyewahi kuomba fedha za mradi, awe Kisumu au Dodoma, analijua: safu ya malengo, safu ya viashiria, safu ya njia za kuthibitisha, na ya mwisho ya mambo yaliyo nje ya uwezo wa mradi ambayo lazima yaende sawa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na ukweli mwingi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyosomwa kidogo kuliko zote. Jedwali liliweza kuonyesha kama mradi umetimiza ulichoahidi. Kama hali ingekuwa hivyo hivyo bila mradi, halikuwa na pa kuandika.

Busia ikaendelea kuuliza. Mwaka 1998 Kremer na mwenzake Edward Miguel walianza kufuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopimwa walikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi, ikiwamo safura na kichocho. Shule ziligawanywa mafungu matatu, kila fungu likianza dawa kwa zamu yake. Mahudhurio hayakuchukuliwa kutoka kwenye rejesta ya mwalimu. Watu wa mradi walifika bila taarifa, wakaangalia nani yupo darasani siku hiyo. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo. Alama za mitihani hazikupanda.

Mwaka 2009 Kenya ilianza kampeni ya kitaifa ya dawa za minyoo iliyowafikia watoto milioni 3.6. Halafu, mwaka 2015, watafiti wa London waliopewa takwimu zile zile za Kremer na Miguel walizirudia na kukuta makosa ya hesabu, hasa kuhusu faida kwa shule za mbali. Wenye utafiti walikiri makosa, wakashikilia kwamba hoja kuu imesimama. Ugomvi ule ulikuwa mkali hata ukaitwa vita vya minyoo. Mimi nauona kama siku njema: ni mashirika mangapi ya hisani yanayompa mgeni daftari zao azikague upya?

Siaya, jirani na Busia, ikaletewa swali jingine: kwa nini msigawe fedha taslimu? Shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,500 takriban dola 1,000 kila moja, katika utafiti wa vijiji 653. Kigezo kilikuwa paa: mwenye nyumba ya nyasi aliingia, mwenye bati akabaki nje. Watafiti walihesabu mauzo ya maduka na bei za sokoni, wakakadiria kwamba kila dola ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile. Lakini huko Homa Bay, kwa wakati fulani, karibu nusu ya waliofuatwa walikataa fedha hizo, wengine wakinong'ona kuwa ni za kishetani. Shirika lenyewe ndilo lililotangaza habari hiyo.

Mwaka 2023 lilitangaza jambo zito zaidi. Kule Kivu Kusini, nchini Kongo, baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wameiba takriban dola 900,000 za kaya zaidi ya 1,700. Kwa sababu ya usalama mdogo, shirika lilikuwa limelegeza utaratibu wake wa kawaida na kuwaruhusu wafanyakazi kusajili laini za simu za walengwa, na fedha zikapitia mkono huo huo. Kwa hiyo kwenye mfumo malipo yalionekana yametumwa, huku wenye haki wakiwa hawajapata kitu.