Pepo za Omo Mbinguni

Baharia wa Nungwi hahitaji kufundishwa kwamba ziko pepo za namna mbili. Mmoja huvuma wenyewe: kaskazi ijayo mwishoni mwa mwaka, na kusi iishikayo zamu baada yake. Wa pili hauvumi, bali huzaliwa na mwendo wa chombo. Siku ya shwari, mashua ya mashine ikiiacha ncha ile ya kaskazini ya Unguja, wamo ndani yake hupigwa usoni na upepo wa omo, hali mafundi walioketi ufukweni wakiunda jahazi hawausikii hata kidogo. Hewa ni ile ile, nayo imetulia; kiendacho ni mashua. Kwa kanuni hiyo hiyo wanafalaki walieleza, mwaka 1972, jinsi galaksi zinavyopokonywa gesi yake zinapoangukia katika makundi ya galaksi nyingine.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, ulioshikwa na mvutano wake wenyewe. Jua na sayari zake zimo katika mojawapo, ile ionekanayo usiku kama utepe wa weupe angani na kuitwa Njia Nyeupe. Aghalabu galaksi hukaa kwa makundi. Katika buruji ya Mashuke liko kundi lenye galaksi zaidi ya elfu moja, na mbali zaidi, upande wa Coma, liko jingine kubwa kulipita hilo. Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba galaksi nyingi za katikati ya makundi hayo ni kavu. Nyota zimo, lakini gesi, ambayo ndiyo unga wa kufinyangia nyota mpya, haimo, au imebaki haba.

Mwaka 1951 Lyman Spitzer na Walter Baade walitoa hoja kwamba galaksi hugongana: nyota hupishana bila ya kugusana, kwa kuwa nafasi baina yake ni kubwa mno, lakini mawingu ya gesi hukumbana na kuachwa nyuma. Hoja ile ilikuwa nzuri. Baadaye vipimo vya masafa ya mbinguni viliposahihishwa, makundi yakaonekana kuwa mapana zaidi, na migongano ikapungua katika hesabu. Kilichokosekana katika fikira za wakati ule kilikuwa hewa yenyewe. Nafasi baina ya galaksi na galaksi ilidhaniwa kuwa ni tupu, au karibu na kuwa tupu, na palipo utupu hapana upepo, uwe wa omo au wa tezi.

Jawabu lilianzia katika bahari ya Waswahili. Jahazi litokalo Nungwi kwa kusi, likaipita Pemba, Mombasa na Malindi, hufika Ngomeni baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Huko, katika miaka ya 1960, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Rome walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji, kwa mapatano na Kenya, ili warushe roketi. Mahali palichaguliwa kwa sababu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kasi yake, na chombo kizungukacho juu ya ikweta huepukana na chembe nyingi ambazo zingekipumbaza kipimo chake. Hapakuwa na njia ila kupanda juu, kwa maana eksirei zitokazo mbinguni huzuiwa na hewa ya dunia zisifike chini.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, kilirushwa hapo chombo cha uzito wa kilo 140 hivi, cha kwanza kutengwa kwa kazi ya eksirei za mbinguni peke yake. Marjorie Townsend, mhandisi wa Kimarekani aliyeusimamia mradi, alikiita Uhuru kwa heshima ya siku ile. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, bahari ya Kenya. Kiswahili kilichanga jina. Hisa hiyo haikuwa kubwa, wala haikufuatwa na nyingine: matokeo yaliandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa pwani hii aliyetaka kujua Uhuru uliona nini ilimpasa kwanza ajifunze lugha ya watu wengine.

Nao uliona mengi. Ukijigeuza polepole, ulilipitia anga lote na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyekiongoza kikundi cha wataalamu wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyofungua elimu hiyo. Ulipoelekea Coma, eksirei hazikutoka katika nukta moja, bali katika eneo pana, kana kwamba kundi zima linang'aa. Wengine walishuku kama king'aacho ni gesi. Shaka ilipungua kwa kazi ya chombo cha Kiingereza, Ariel 5, kilichorushwa kutoka Ngomeni vile vile tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 kilitoa alama ya chuma katika kundi la Perseus: gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Na chuma hupikwa ndani ya nyota. Basi sehemu ya gesi ile ilikwisha kuwamo ndani ya galaksi, kisha ikatoka.

James Gunn na Richard Gott hawakuingoja alama ya chuma. Mwaka 1972, wakiyatumia yale ya Coma, walionyesha kwamba galaksi iangukayo katika gesi hiyo hukutana na msukumo uliosawa na uzito wa gesi mara mwendo, mara mwendo tena. Gesi ni nyepesi mno, chembe elfu moja hivi katika mita moja ya ujazo, lakini mwendo hupita kilomita 1,000 kwa sekunde, na mwendo ukiwa maradufu, msukumo huwa mara nne. Huwa kama mpunga upepetwapo: nyota, zilizo nzito na ndogo, hubaki kama punje, gesi ya pembezoni, isiyoshikwa sana, hupeperuka kwanza.

Darubini zimekwisha kuyaona hayo. Katika anga ya kusini iko galaksi iitwayo ESO 137-001, yenye mkia wa gesi wenye urefu wa zaidi ya miaka ya nuru 200,000, na ndani ya mkia huo nyota changa zinazaliwa nje ya kwao. Wataalamu huzifananisha galaksi za namna hii na yavuyavu, mfano ambao mvuvi wa Nungwi angeutambua bila ya kuelezwa. Wala si zote zinyauko mara moja. Nyingine gesi yake hubanwa kwanza, zikazaa nyota kwa wingi kabla ya kukauka.

Uhuru ulinyamaza mwaka 1973. Uliendelea kuizunguka dunia juu ya ikweta, ukikata hewa nyembamba sana iliyoko huko kwa mwendo wa kilomita 7 na zaidi kwa sekunde, na hewa hiyo, ijapokuwa ni haba, ikaupunguza kimo chake mwaka baada ya mwaka, hata ukaanguka na kuungua mwaka 1979.