Haisapoti

"Mama, simu yako haisapoti." Kwa mafundi simu wa Tunduma, neno hilo humaliza mazungumzo. Nalipenda, ni Kiswahili cha kazini, ila linaficha mengi, hasa toleo la mfumo linalohitajika. Fanksheni za mfumo wa simu huwekewa alama ya toleo lililozileta. Swift, lugha ya Apple ya kuandikia programu, tangu 2015 kompaila yake, yaani kitafsiri cha msimbo, huzisoma alama hizo: programu inayokubali simu za zamani ikiita fanksheni mpya bila kuuliza toleo kwanza, kompaila inaikataa. Basi fundi naye ataje toleo. Oktoba 2023 WhatsApp iliziacha Android zilizo chini ya 5.0; mteja akielezwa hivyo, anajua kama asasishe simu au atafute nyingine.