Chimbuko la Ilhamu: Sokoni, Katika Taarabu na Uwanjani

Mwanafunzi anapotakiwa kutunga shairi, swali lake la kwanza huwa: "Mwalimu, niandike kuhusu nini?" Mara nyingi jibu analopewa ni orodha ya mada: ufisadi, elimu, amani, mazingira. Naye huenda akaleta beti zenye vina na mizani kamili ambazo hazina uhai hata kidogo, kwa kuwa hakuna alichokiona wala kukisikia kabla ya kuandika. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba historia ya fasihi ya Kiswahili ina jibu bora zaidi. Watunzi wetu mashuhuri walipata ilhamu katika mambo ya kila siku: bei za sokoni, kesi za mahakamani, mapenzi ya mtaani na maneno ya wavuvi.

Tuanze na Mombasa. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi huko kati ya mwaka 1776 hivi na 1840. Tungo nyingi zilizohifadhiwa kabla yake zilikuwa tenzi za kidini na za mashujaa wa Uislamu, mathalani Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728. Muyaka hakuidharau mila hiyo. Hata hivyo, alitunga pia juu ya mapenzi, ndoa, utajiri na ufukara, biashara ya baharini, na uhasama kati ya Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said. Ndiyo maana wahakiki husema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alilitumia sana shairi la mishororo minne, yaani tarbia, umbo ambalo watahiniwa wetu wanalihakiki mpaka leo.

Inafaa pia kujiuliza tungo zake zilitufikiaje. Muyaka hakuacha diwani iliyochapishwa. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mvita kwa sababu zilikuwa na kazi: kujibizana, kuonya, kufumba. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alimsaidia mmishonari William Taylor kuzikusanya, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Kwa miongo kadhaa basi, maktaba ya Muyaka ilikuwa kumbukumbu ya watu wa kawaida. Tungo ambayo haikugusa maisha yao isingalidumu.

Kielelezo cha pili ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi. Katika ujana wake aliuza vyungu akivinadi kwa sauti yake nzuri. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako alijifunza uimbaji na muziki. Wakati huo taarabu ilikuwa burudani ya jumba la kifalme na ya mabwana wenye mali, na nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, nazo zikasikilizwa kote katika pwani ya Afrika Mashariki.

Nyimbo hizo zilihusu nini? Nyingi zilitokana na matukio ya Ng'ambo, mtaa wa wanyonge wa mji wa Unguja. Mfano maarufu ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia kuhusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa; mshukiwa akatoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Hili lilikuwa jambo lililozungumzwa vibarazani. Siti na kundi lake walilichukua gumzo hilo wakaligeuza kuwa shutuma dhidi ya mahakama za kikoloni. Leo, mahakimu wa kesi hiyo wamesahaulika lakini wimbo ungali unakumbukwa.

Maisha ya Siti yenyewe yaligeuka kuwa ilhamu ya mwandishi mwingine. Shaaban Robert alimwandikia Wasifu wa Siti Binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha mwimbaji huyo. Anamchora kuwa mfano wa bidii na subira. Hapa tunaona mnyororo: tukio la mtaani linazaa wimbo, na mwimbaji anazaa kitabu. Mombasa nako mnyororo huo haukukatika. Mashairi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), yaliimbwa na Juma Bhalo katika taarabu, na wengi waliyafahamu kwa masikio kabla ya kuyasoma kwa macho.

Je, michezo ina nafasi gani katika historia hii? Kandanda ililetwa na wageni, na kufikia mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage. Redio ilipoanza kutangaza mechi kwa Kiswahili, watangazaji walikabiliwa na tatizo la mtunzi: wamfanyeje msikilizaji aone asichokiona? Baadhi ya maneno waliyakopa, kama vile goli na penalti. Mengine waliyachota katika maisha ya wenyeji. Kimia ni wavu wa kuvulia samaki, leo mpira "unatiwa kimiani." Mkwaju ni mti, tena ni fimbo, leo ni pigo kali la mguu. Mpira wenyewe ukaitwa gozi la ng'ombe. Hizi ni sitiari kamili, na mwanafunzi anayezisikia kila Jumamosi hutumia tamathali za usemi bila kujua. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza mpira, na pia alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966. Kipindi hicho kilidumu kwa zaidi ya nusu karne kikichota mada zake katika tabia ndogondogo za watu.

Hata hivyo, tujihadhari na makosa mawili. Kwanza, si kweli kwamba tukio peke yake linatosha. Muyaka aliimudu arudhi, na Siti alifunzwa muziki kabla ya kusifika. Mtaa hutoa malighafi. Ufundi hutokana na mazoezi. Pili, mtahiniwa asilifanye shairi kuwa taarifa ya habari. Akijua kesi iliyozaa wimbo wa Kijiti, bado atapaswa kueleza jinsi uteuzi wa maneno na urudiaji unavyoibua hasira na huruma.

Kwa mwalimu, historia hii ina matumizi darasani. Wanafunzi wasikilize mechi moja redioni, wanukuu misemo mitano, kisha watafute maana ya asili ya kila msemo. Wachague wimbo mmoja wa taarabu, wahesabu mizani, wabainishe vina. Hatimaye kila mmoja atunge tarbia moja kuhusu jambo alilolishuhudia juma hilo: ugomvi wa foleni ya maji, mchuuzi aliyenyang'anywa bidhaa, bao lililokataliwa na refa.

Mbinu hii pia inaweza kuwa tiba ya insha za kukariri, ambamo watahiniwa wengi huanza na alfajiri ileile na jogoo yuleyule. Mtahini humtambua upesi aliyeazima maneno, na pia aliyeona kwa macho yake. Basi mwanafunzi akiuliza tena aandike kuhusu nini, mwalimu naye amuulize: "Jana ulisikia nini njiani ulipokuwa ukienda nyumbani?"